Eldon Vondracek na Shambulio la Sabini na Moja

Marehemu Eldon Joseph Vondracek alikuwa na kanuni moja kuhusu mpira wa Kimarekani, na aliiandika kwa mkono wake ndani ya jalada la kila daftari alilotumia: Usimpe mtupaji alama kwa pale mpira ulipoangukia. Mpe alama kwa miguu yake, kwa macho yake, na kwa wakati mpira ulipotoka mkononi. Aliishika kanuni hiyo kwa misimu arobaini na minane, kwa vijana ambao wengi wao hakuwahi hata kupeana nao mkono. Aliivunja mara moja tu, kwa mtoto wa ndugu yake wa damu. Kabla ya kufa aliagiza jambo hilo lisemwe leo hapa kaburini, mbele ya watu walewale waliokuwa wakisoma karatasi yake ya alama za wachezaji. Familia imetii. Wasifu huu utasema mema yake, ambayo yalikuwa mengi, na utalisema na hilo.

Eldon alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika shamba la wazazi wake, Joseph na Albina Vondracek, maili tatu kaskazini mwa Brezno, Nebraska. Alikuwa mtoto wa kwanza. Mdogo wake, Rudolph, ambaye hapa mjini kila mtu alimwita Rudy, alizaliwa mwaka 1952. Ndugu hao wawili walilala kitanda kimoja katika chumba cha juu hadi Eldon alipokwenda chuoni. Rudy alipenda ng'ombe. Eldon alipenda kutupa. Alining'iniza tairi kwenye boriti ya ghala la nyasi, akawa anarusha magunzi ya mahindi yapite katikati, asubuhi kabla ya kukamua na jioni baada ya kukamua. Aliyeyaokota magunzi na kuyarudisha alikuwa Rudy. Baba yao aliwahi kusimama mlangoni akawatazama, kisha akasema, "Eldon, ukikosa, uokote mwenyewe. Ndiyo utajifunza kulenga." Rudy akajibu, "Mwache, Baba. Napenda kuokota." Hiyo ndiyo ilikuwa tabia ya Rudy tangu utotoni, na anayeusikiliza wasifu huu aikumbuke.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapa Brezno. Katika vuli ya mwaka 1966 alikuwa mtupaji wa timu ya shule, yule anayeupokea mpira nyuma ya safu na kuamua uende wapi, na timu ilishinda mechi nane kati ya tisa. Alimaliza Mei 1967. Agosti mwaka huohuo alijiunga na Chuo cha Platte Magharibi, kuchezea timu ya chuo hicho, Korongo. Huko alikuta watupaji wawili mbele yake, na mwaka uliofuata akaletwa wa tatu. Kwa misimu mitatu Eldon alicheza mashambulio kumi na moja tu, yaani majaribio kumi na moja ya kusogeza mpira, yote katika mechi ambazo matokeo yake yalikuwa yameshajulikana na watu wameanza kutafuta magari yao. Oktoba 1969 aliumia goti mazoezini. Mei 1970 aliacha chuo bila kumaliza, akarudi nyumbani. Hakumlaumu kocha wala goti. Lakini alikiri mwenyewe, mwaka huu, kwamba tangu siku ile hakuwahi kumwona kijana aliyevaa jezi ya mtupaji bila kumlinganisha na yule aliyekaa kwenye benchi misimu mitatu akiwa na jezi safi.

Kuanzia 1971 hadi 2014 alikuwa mpima mizani katika ghala la ushirika la nafaka. Malori yote ya wilaya hii yalipita mbele ya dirisha lake, na hakuna mkulima aliyewahi kurudi kulalamika. Vuli ya 1973 baba yake mwenyewe alileta lori la mahindi, na mbwa wao Tipi amekaa juu ya mzigo.

"Baba, mshushe Tipi," Eldon alisema dirishani.

"Mbwa mwenyewe ana uzito gani, bwana? Pima twende."

"Ratili thelathini na nane. Nilimpima juzi, nikijua utamleta."

Watu wa Brezno wameisimulia habari hiyo kwa miaka hamsini, na ni ya kweli. Tipi alishushwa.

Alipotaka kumwoa Lavonne Petska, binti huyo alipendekeza harusi ifanyike Oktoba, majani yakiwa mekundu. Eldon alimwambia kwamba Oktoba ina Jumamosi nne na zote zina mechi. Baba yake Lavonne akadakia, "Basi kaoe uwanja, utuachie binti yetu." Walifunga ndoa tarehe 8 Juni 1974 katika kanisa la Mtakatifu Wenceslaus, wakacheza ngoma ya polka ukumbini hadi wapiga kodiani walipoomba kupumzika. Mwaka 1977 walimpata Janelle. Walitamani watoto wengine. Hawakujaliwa.

Karatasi ya Jumatatu, ya alama za mechi za Korongo, ilianza vuli ya 1976. Kila aliyepata kunywa kahawa pale ghalani anaijua. Jumamosi Eldon alikaa uwanjani kwa Korongo kwenye viti vyake viwili, sehemu ya C, mstari wa thelathini na moja, akaandika. Jumapili baada ya misa aliitazama mechi mara ya pili, mwanzoni kwa filamu aliyoazimwa na chuo, baadaye kwa kanda, na Lavonne hakuruhusiwa kusema neno isipokuwa nyumba inaungua. Kila shambulio lilipata mstari wake daftarini: miguu, macho, wakati. Alama zilikuwa mbili, moja, au sifuri. Usiku aliichapa karatasi moja, na Jumatatu asubuhi ilikuwa imebandikwa juu ya birika la kahawa. Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa wa haki. Mwaka 1991 mji mzima ulitaka mtupaji wa Korongo, Wade Oltmanns, aondolewe kwa sababu mipira yake saba ilianguka chini katika mechi moja. Eldon aliandika kwamba mitano kati ya hiyo iligonga viganja vya wapokeaji, na kwamba Wade alikuwa na miguu bora kuliko mtupaji yeyote tangu karatasi ianze. Kelele zilikoma. Wade alicheza misimu miwili zaidi, na leo yuko hapa, amesafiri kutoka Kansas.

Wako waliodhani Eldon ni mtu wa mambo ya kale tu, wa mpira wa kukimbia na matope. Si kweli. Mwaka 2003 kocha mpya alipoacha mtindo wa zamani, Eldon aliandika hivi, na Lavonne ameomba maneno haya yasomwe kwa sababu ndiyo aliyoyapenda kuliko yote:

"Kocha ametawanya wapokeaji uwanja mzima, na watu wanalia kana kwamba ameuza kanisa. Tulieni. Kanuni ni ileile. Zamani mtupaji wetu alikimbia pembeni akimtazama mlinzi mmoja. Mlinzi akimjia, alimrushia mwenzake mpira. Mlinzi akisita, alikwenda nao mwenyewe. Sasa anamtazama beki mmoja wa nyuma. Beki akisogea kulia, mpira unakwenda kushoto. Tumehama kutoka mguu kwenda mkono, basi, lakini bado tunamlazimisha mtu mmoja wa upande wa pili achague, na lolote analochagua linakuwa kosa. Tatizo letu Jumamosi halikuwa mpango. Mtupaji alimkodolea macho mpokeaji wake tangu alipopokea mpira hadi alipoutupa, na beki akayasoma macho hayo kama bango la barabarani. Ajifunze kutazama asikotaka kutupa."

Mtupaji huyo alikuwa Darin Vondracek, mwana wa Rudy, aliyezaliwa mwaka 1983. Lawama ilikuwa ya haki. Darin aliikata karatasi hiyo akaibandika juu ya kitanda chake chuoni, akajifunza kutazama asikotaka kutupa. Msimu huo alipata alama nyingi kuliko mtupaji yeyote kwenye madaftari. Eldon alizihesabu, akaziandika kwa usahihi. Hakumwambia neno.

Ni lazima kusema kwa nini. Mwaka 1992, sikukuu ya Shukrani ya mwezi Novemba, familia zote mbili zilikuwa shambani. Tairi bado lilikuwa linaning'inia. Darin, wa miaka tisa, aliokota gunzi na kulipitisha katikati, kisha jingine, kisha jingine. Eldon hakuangalia tairi, aliangalia miguu. Alisema mwenyewe kwamba aliiona miguu yake ya mwaka 1966 imevaa viatu vya mtoto wa mtu mwingine.

Rudy alifurahi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu bila kununua tiketi. "Kaka, umeona? Mfundishe, bwana. Mimi najua ng'ombe tu."

"Nina kazi ghalani," Eldon alijibu.

"Jumapili huna."

"Jumapili nina karatasi."

Usiku ule hakula bata mzinga wala pai. Alimwambia Lavonne garini, "Rudy hajui hata timu inapewa majaribio mangapi. Anasinzia mechi ikiendelea. Na Mungu anampa yeye." Lavonne alimwambia wivu ni dhambi na apunguze mwendo, barabara ina barafu. Alipunguza mwendo.

Darin alipoanza kuvaa jezi ya Korongo, mji ulianza kumwita Rudy "Baba Mtupaji". Walimpisha kwenye foleni ya kahawa. Walimnunulia keki. Eldon, ambaye alikuwa ameketi mstari wa thelathini na moja kwa karibu miaka thelathini bila kukosa hata siku za theluji, alikuwa sasa "kaka yake Rudy". Milt Sedlacek, aliyesimamia birika, alikuwa na ulimi wa kisu.

"We Eldon! Kipaji cha ukoo wenu kilipotea njia. Kilikuwa kinakuja kwako, kikaingia zizini kwa Rudy!"

Watu walicheka. Rudy alitikisa kichwa. "Acheni, jamani. Kijana kamrithi baba yake mkubwa. Kwangu kapata masikio tu."

Lilikuwa neno la upendo, kutoka kwa mtu yuleyule aliyeokota magunzi. Eldon alilisikia kama dhihaka. Wivu wake ulikuwa umefika mahali ambapo hata heshima ilimuuma.

Mechi ya mwisho ya Darin ilichezwa Jumamosi, tarehe 12 Novemba 2005, dhidi ya Elkhorn. Kabla ya kuanza, wazazi wa vijana wanaomaliza chuo walitembezwa uwanjani kama ilivyo desturi. Carol, mke wa Rudy, alikuwa na ua kubwa la njano kifuani. Rudy alivaa kofia mpya, na mtangazaji alipolitaja jina la Vondracek uwanja mzima ulisimama. Eldon alikuwa ameota kusikia jina hilo likitajwa pale tangu Agosti 1967. Alilisikia akiwa mstari wa thelathini na moja. Alisimama, lakini hakupiga makofi.

Zikiwa zimebaki sekunde arobaini na nane, Korongo walikuwa nyuma kwa ishirini dhidi ya kumi na saba, wakiwa yadi ishirini na sita kutoka mstari wa Elkhorn. Hilo lilikuwa shambulio la sabini na moja la Korongo siku ile. Mpango ulikuwa ule waliokwisha kuutumia mara kumi na mbili msimu ule: mpokeaji anakimbia yadi kumi na nne, anageuka kuelekea pembeni, na mpira unakuwa umeshatoka mkononi kabla hajageuka. Katika mpango huo mtupaji hatupi kwa mtu, anatupa mahali palipokubaliwa. Darin alirudi hatua tano, akamvuta beki kwa macho upande wa kushoto, akatupa kulia kwa wakati. Lakini mpokeaji, Cale Nissen, kijana wa mwaka wa kwanza, aliingiwa na hofu akageuka kwenye yadi ya kumi. Mpira ulikwenda ulikotakiwa kwenda. Aliyekuwa pale peke yake alikuwa mlinzi wa Elkhorn. Aliudaka, na msimu ukaisha.

Kwa mtu aliyeko jukwaani, ilionekana Darin amemtupia adui makusudi. Uwanja ukazomea.

Jumapili Eldon aliitazama kanda. Hakuitazama mara mbili. Aliitazama mara tisa. Daftari la mwaka 2005 lipo, na mstari wake unasomeka hivi: "71. Miguu sawa. Macho sawa. Wakati sawa. Nissen kageuka kumi, si kumi na nne. Mtupaji 2. Nissen 0." Mkono wake ulikuwa umeshika kanuni. Kisha alikwenda kwenye mashine akaichapa karatasi ya Jumatatu: "71. Mtupaji 0. Hakuangalia. Alitupa alikotamani, si kulikokuwa na mtu."

Lavonne alikuwa akiosha vyombo. Alimuuliza, "Umeangalia mara mbili?"

"Nimeangalia," alisema.

Kocha alikuwa na desturi ya kutotaja kosa la mchezaji nje ya chumba cha timu. Aliwaambia waandishi kwamba kosa ni la wote. Cale Nissen alinyamaza kwa woga. Darin alinyamaza kwa sababu ndivyo mtupaji anavyofundishwa, hamtaji mwenzake. Kwa hiyo karatasi ya Eldon ilibaki peke yake, na karatasi ya Eldon ilikuwa haijawahi kusema uongo.

Jumatatu saa moja asubuhi Rudy aliingia ghalani na kofia yake mpya. Watu walijifanya wanaangalia kahawa. Aliisoma karatasi, midomo ikitembea. Kisha akaenda dirishani kwenye mizani.

"Ni kweli, kaka?"

"Nimeandika nilichokiona."

"Kijana kaniambia jana mezani kwamba yule mwenzake aligeuka mapema. Kaniambia mimi tu. Kasema nisimwambie mtu."

Hapo Eldon angeweza kusema ukweli kwa maneno matatu na kufuta yote. Lori lilikuwa limeshapanda kwenye mizani, dereva anasubiri. Eldon aliitazama mizani.

"Wote husema hivyo," alisema.

"Sawa. Wewe ndiye unayejua." Rudy akavua kofia, akatoka nayo mkononi.

Rudy hakuwa mtu wa hasira, na hakumpenda mwanawe kwa sababu ya mpira. Angemvumilia Darin kushindwa mara mia. Ambacho hakukivumilia ni mtu kumtwika mwenzake kosa lake, tena mwenzake wa mwaka wa kwanza. Jioni ile alimwambia Darin maneno ambayo Darin ameturuhusu kuyarudia: "Kukosea si kitu, mwanangu. Lakini umenidanganya mezani kwangu, na umemsingizia mtoto. Baba yako mkubwa ameandika." Darin alimwambia, "Baba, niamini mimi." Rudy alisema, "Nitaaminije? Yule hata mbwa alimshusha kwenye mizani."

Darin alimaliza chuo Mei 2006 akahamia Casper, Wyoming, kuwa fundi wa nyaya za umeme. Alirudi Krismasi chache. Baba na mwana walizungumza habari za mvua na ng'ombe. Rudy aliacha kwenda uwanjani, na pale ghalani hakuna aliyemwita tena Baba Mtupaji. Kwa hiyo Eldon alilipata alilokuwa akilitaka. Alisema halikuwa na ladha yoyote, na kwamba aliendelea kulitafuna kwa sababu kulitema kungehitaji kufungua mdomo.

Rudy alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, zizini kwake, tarehe 2 Februari 2019. Eldon alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Darin alikuwa mbele yake, mkono wa kushoto. Walitembea hatua sitini hivi hadi kaburini, Eldon akiiangalia miguu ya Darin. Hata siku hiyo hakusema.

Aprili 2024 madaktari waligundua saratani ya mapafu, na Julai walisema haitatibika. Tarehe 11 Agosti, baada ya misa, Eldon alimwomba Janelle ashuke chini alete daftari la 2005. Aliliweka mezani, akamfungulia Lavonne ule mstari, na pembeni yake akaweka karatasi iliyochapwa. Lavonne alisoma vyote viwili.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Miaka kumi na tisa nimekuwa nikimpelekea Carol keki, na yeye ananiuliza kwa nini mwanawe haji nyumbani."

Alimletea simu, akaibonyeza namba mwenyewe, akamwekea sikioni.

Darin aliendesha gari kutwa nzima na kufika kesho yake jioni. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na moja, mwenye mvi juu ya masikio. Eldon alimwonyesha daftari. Darin hakuliangalia.

"Nilijua, Baba Mkubwa."

"Ulijua nini?"

"Kwamba uliona. Wewe hukosi kuona miguu ya mtu. Nilisubiri Jumatatu iliyofuata uandike masahihisho. Kisha nikasubiri iliyofuata."

"Mbona hukuja kunishika shati mbele ya watu?"

"Niseme nini? Mjini hapa karatasi yako ilikuwa inaaminiwa kuliko mtu. Hata mimi nilikuwa naiamini. Ile ya macho nilikuwa nimeibandika juu ya kitanda."

Eldon alilia. Aliomba msamaha. Darin alimshika mkono, na alichosema ni hiki: "Mimi nitajitahidi. Lakini wa kuambiwa hayo alikuwa baba yangu, na siwezi kumpokelea." Baadaye, akiwa mlangoni, alisema tena, "Iandike. Uiandike kama unavyoandika zile nyingine. Usinipambe."

Eldon aliiandika kwa mkono kwa siku nne, kwa kuwa pumzi haikumruhusu zaidi ya mstari mmoja au miwili kwa siku. Hakuongeza sifa. Ndiyo karatasi yake ya mwisho, na leo asubuhi Milt Sedlacek ameibandika juu ya birika kwa mkono wake. Inasema:

"Masahihisho. Elkhorn, 12 Novemba 2005, shambulio la 71. Niliandika mtupaji 0. Mtupaji 2. Miguu sawa, macho sawa, wakati sawa. Mpokeaji aligeuka mapema, alikuwa mgeni, asilaumiwe. Nilijua siku hiyohiyo. Niliandika uongo kwa sababu nilimwonea wivu mdogo wangu. Darin alimwambia baba yake ukweli. E. Vondracek."

Eldon alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa kumi na moja alfajiri, Lavonne na Janelle wakiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitano. Ibada imewekwa saa tatu na nusu asubuhi kwa agizo lake, ili atakayekwenda kuwatazama Korongo mchana awahi. Chakula kipo chini ya kanisa. Akina mama wa parokia wameandaa nyama ya nguruwe, viazi vya kuoka na kolachi, zile keki ndogo za plamu, na wanaomba watu wasiondoke bila kula.

Ametanguliwa na wazazi wake, Joseph na Albina, na mdogo wake, Rudolph. Ameacha mke wake wa miaka hamsini, Lavonne. Binti yake, Janelle, aliyeandika na kusoma wasifu huu, na mkwewe, Greg Tesar. Wajukuu wawili, Maren na Joel. Shemeji yake, Carol Vondracek. Na Darin, mtoto wa ndugu yake, ambaye leo amebeba jeneza, upande wa mbele, mkono wa kushoto. Madaftari arobaini na manane yatakwenda chuoni. Viti viwili vya mstari wa thelathini na moja amemwachia Darin. Darin hajasema kama atavichukua, na asiulizwe leo.

Tunamwombea Eldon pumziko analopewa mtu aliyesema ukweli, ingawa alichelewa. Tunamwombea pia amkute Rudy haraka, aanze yeye kuzungumza.

Kosa lenyewe lilikuwa la alama mbili katika shambulio moja. Lilimgharimu Darin imani ya baba yake kwa miaka kumi na mitatu, na Rudy Vondracek amelala hatua chache kutoka hapa, alizikwa akiamini kwamba alizaa mwongo.